Mwenye mbio na muzima si neno moja

Naomba nafasi kidogo ili nitoe wazo langu juu ya neno moja la Kiingereza. Najua kuko wenye watasema: «Kiingereza tena! Ile ya darasani haitoshi?» Muvumilie kidogo. Neno lenyewe ni dogo, lakini lilinipeleka mbali, na mwisho lilinirudisha mpaka kwenye mlango wa shule yetu. Wenye kusoma mpaka chini wataona sababu.

1. Makosa ya darasa zima

Katika periode ya pili, mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa interro. Kulikuwa maneno kumi ya kutafsiri. La saba lilikuwa hili: «the quick and the dead». Sisi wote tulijua «dead», ni wafu. Tulijua pia «quick», ni neno la kwanza kabisa tunalosikia wakati mwalimu anatuharakisha kufunga madaftari. Basi karibu darasa lote tuliandika: «Wenye mbio na wafu.»

Siku ya kurudisha makaratasi, mwalimu alisoma jibu hilo kwa sauti na yeye mwenyewe akacheka mpaka akavua miwani. Mmoja wetu akasema kutoka nyuma: «Mwalimu, ni kweli tu! Hapa Bukavu, kama hauna mbio wakati wa kuvuka barabara, uko kati ya bale bafu!» Darasa lote likacheka. Lakini pointi hatukupewa. Jibu lilikuwa: «Walio hai na wafu.»

Tulilalamika. Tulisema mwalimu alitutega. Yeye akajibu: «Sikuwatega. Neno njo liliwatega, juu ya lilibadilika njiani. Mwenye kutaka kujua, akatafute.» Mimi nilienda kutafuta. Nilichopata ni hiki.

2. Neno «quick» lilikuwa na maana gani

Zamani sana, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, Waingereza walikuwa na neno «cwic». Halikuwa na habari ya mbio hata kidogo. Maana yake ilikuwa: hai, yenye uhai. Mtu «cwic» ni mtu ambaye hajafa, hata kama ni mzee asiyeweza kutoka kitandani. Neno hilo ni ndugu wa mbali wa neno la Kilatini «vivus», na kwa hiyo ni ndugu wa Kifaransa chetu cha shule, «vif» na «vivant». Hazifanani kwa uso, lakini wenye kuchunguza lugha wanaonyesha kwamba babu yao ni mmoja.

Sasa, kiumbe chenye uhai kinajulikana kwa nini? Kinatikisika. Kuku hai anaruka, kuku mfu analala. Basi pole pole watu walianza kutumia neno la uhai kwa kitu chochote chenye kutikisika. Kisha kwa kitu chenye kutikisika sana. Kisha, yapata miaka 700 iliyopita, kwa kitu chenye kwenda mbio. Maana hizo zilikaa pamoja muda mrefu katika nyumba moja. Mwisho wake mbio ilifukuza uhai nje ya nyumba. Leo Mwingereza wa kawaida akisikia «quick» anafikiri haraka tu. Kwa kusema mtu anaishi, inamlazimu kutumia maneno mengine, «living» na «alive».

Hapa nisimame kidogo kwa faida ya wenye mtihani. «Alive» na «living» hazikai mahali pamoja. «Living» inaweza kutangulia jina: «a living man». «Alive» haiwezi, inakuja nyuma: «the man is alive». Sababu ni kwamba «alive» zamani ilikuwa maneno mawili, «on life», ni kama kusema «katika uhai». Hauwezi kusema «katika-uhai mtu», lakini unaweza kusema «mtu yuko katika uhai». Ukishika hilo hautakosea tena.

Tuendelee. Wakati Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ilipotolewa mwaka 1611, «quick» ilikuwa ingali na maana yake ya zamani. Njo maana wenye kusoma Biblia ile leo wanajikwaa. Fungua Hesabu 16, habari ya Kora, Dathani na Abiramu, waliomezwa na nchi. Katika mstari wa 30 Kiingereza kile kinasema watashuka shimoni «quick». Mtoto wa leo atafikiri: walishuka mbio! Hapana. Walishuka wakiwa hai, na hilo njo jambo la kutisha katika habari ile. Fungua pia Waebrania 4:12. Kiingereza cha 1611 kinasema Neno la Mungu ni «quick». Si kwamba Neno la Mungu lina haraka. Ni kwamba liko hai. Tafsiri mpya za Kiingereza zimeandika «living» mahali pale, na Biblia yetu ya Kiswahili ilisema «hai» bila shida yoyote.

3. Mabaki ya neno

Neno likifukuzwa nyumbani, linaacha vyombo vyake nyuma. Nimekusanya vitano.

Kwanza, zebaki, ile mwalimu wa kemia anaita «mercure». Waingereza waliiita «quicksilver», na Wafaransa «vif-argent», maana yake ni fedha iliyo hai, kwa sababu inakimbia juu ya meza kama mdudu. Angalieni jambo hili: kitu kilichoitwa hai kwa sababu ya kukimbia, chenyewe kinaua. Katika machimbo ya dhahabu ya mikono, hata hapa Kivu ya Kusini, kuko wenye kutumia zebaki kushika vumbi la dhahabu, kisha wanaichoma kwa moto, na moshi wake unaingia mapafuni. Inaharibu mishipa ya fahamu na figo, inaharibu hata mtoto angali tumboni. Kule Japani, katika mji wa Minamata, ugonjwa wake ulitambulika mwaka 1956, juu ya watu kula samaki wenye sumu hiyo, na ule mkataba wa mataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki duniani unaitwa kwa jina la mji ule.

Pili, chokaa. Chokaa iliyotoka tu katika tanuru, Mwingereza anaiita «quicklime», Mfaransa «chaux vive», chokaa hai. Ukiitilia maji inachemka yenyewe, na kisha Mfaransa anasema sasa ni «chaux éteinte», chokaa iliyozimwa.

Tatu, nyama iliyo chini ya ukucha. Mwenye kukata kucha mpaka akafika pale penye kuuma, kwa Kiingereza amefika kwenye «the quick», na kwa Kifaransa ngozi iko «à vif». Pale njo pako hai, juu ya pale njo panasikia uchungu. Hilo nitalirudilia.

Nne, lupango ya miti iliyopandwa. Si lupango ya mabati wala ya matofali, ni ile ya vijiti ambavyo unasimamisha udongoni na vyenyewe vinatoa majani. Kwa Kifaransa ni «haie vive», na Kiingereza cha zamani kilitumia «quick» vilevile.

Tano, mama mwenye mimba anaposikia mara ya kwanza mtoto anacheza tumboni. Kiingereza kina neno kwa siku ile, «quickening». Si kwamba mtoto amepata haraka. Ni kwamba mama amejua: huyu anaishi.

Munaona, katika vitu hivi vyote vitano hakuna hata kimoja chenye kushindana na saa.

4. Kiswahili chetu kilifuata njia nyingine

Sasa tuache Waingereza, tukuje kwetu. Sisi tuko na maneno mawili. «Hai» tulilipata kutoka Kiarabu, kama vile «maisha». Lakini neno tunalosemaka kila asubuhi ni letu la Kibantu: muzima, au mzima kama walimu wanavyotaka tuandike.

Hesabuni pamoja nami maana zake. Muzima ni asiyekufa. Muzima ni asiyegonjwa. Mkate mzima ni ule usiokatwa, siku nzima ni ile isiyopunguka hata saa moja. Mtu mzima ni yule aliyemaliza kukua, mwenye kuweza kupewa kazi na siri. Basi Mwingereza alipotaka kusema «hai», alifikiri juu ya kutikisika. Babu zetu walipotaka kusema «hai», walifikiri juu ya kutopunguka. Kiingereza kiliuliza: «Anatembea?» Chetu kiliuliza: «Yuko wote?»

(Mtu asinitolee neno «kuzima taa». Linafanana kwa sauti tu. Katika kamusi ni neno lingine, lenye mlango wake.)

Na sisi watu wa Bukavu tunajua tofauti kati ya hai na muzima, hata kama hatujaisoma mahali. Wazazi wetu waliijua mwaka 1996, wakaijua tena mwaka 2004. Sisi tuliijua mwezi wa pili wa mwaka 2025, wakati vita vilipofika mjini. Kumbukeni zile simu. Kila mtu aliuliza ndugu yake: «Muko bazima?» Na wengi hawakujibu «tuko wazima». Walijibu neno moja: «Tuko.» Sikuelewa siku zile. Sasa ninaelewa. Neno «wazima» lilikuwa kubwa sana kwa siku zile. Mtu alisema lile aliloweza kulisema bila uongo.

Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa hapa Bukavu, alianzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Nobel ya amani kwa ajili ya kazi yake. Wanawake waliofika pale wakiwa wameumizwa na vita walikuwa hai. Wangekuwa wafu hawangefika. Walichokuja kutafuta si uhai, ni uzima. Kama hai na muzima ingekuwa kitu kimoja, kazi yote ile isingekuwa na maana.

5. Sasa wazo langu

Wazo langu ni hili: sisi wanafunzi wa shule hii tumeanza kupeleka neno «muzima» katika njia ileile iliyopotezea Waingereza neno «quick». Tunafikiri mwenye mbio njo mwenye uzima.

Angalieni darasani. Mwanafunzi anayejibu mbio, hata kama anajibu vibaya, tunasema ni «vif». Anayefikiri kwanza tunasema amelala. Mwenye kumaliza kuandika ubao wa kwanza anasimama kama mshindi, na ukimuuliza aliandika nini hajui. Angalieni kwenye salamu. «Uko muzima?» «Muzima!» Yote mbili zinasemwa tukipishana, hakuna mwenye kusimama. Kuko mwenzetu alijibu «muzima» siku tano zikifuatana na huku alikuwa na homa ya malaria. Siku ya sita alianguka wakati wa kuimba wimbo wa taifa. Tulishangaa. Kwa nini tulishangaa? Tulimuuliza kila siku. Hatukungojea jibu.

Lakini jambo kubwa ni barabara.

Munajua wote kwamba mlango wa shule unafungwa saa moja na nusu. Mwenye kuchelewa anarudishwa nyumbani, na siku ile anahesabiwa hakufika. Wengi wetu tunatoka mbali: Panzi, Cimpunda, Bagira. Bukavu ni mji wa vilima, barabara ni nyembamba, na mvua ikinyesha usiku, asubuhi kuko matope kila mahali. Basi saa moja na robo ikifika, utaona wanafunzi wanasimamisha moto. Mmoja hana franka za kutosha. Wanajiunga watatu. Pamoja na mwendesha moto ni watu wanne juu ya kiti cha watu wawili, hakuna mwenye kofia ya chuma, na wote wanapiga kelele: «Kimbia, papa, bataafunga!»

Kabla ya mitihani iliyopita, mwenzetu mmoja wa darasa la chini alikuwa wa nyuma kabisa kati ya watatu. Simtaji jina, lakini niliomba ruhusa yake na ya mama yake ili niandike. Kwenye mteremko gurudumu lilipita juu ya matope. Wote wanne walianguka. Wawili walisimama na michubuko. Mwendesha moto alivunjika mkono, na yeye naye ana watoto, na pesa ya mwenye moto inapashwa kulipwa kila jioni hata kama mkono umevunjika. Mwenzetu alivunjika mguu mahali pawili.

Siku ile shule nzima tulisema: «Asante Mungu, yuko muzima.» Hata katika ibada ya asubuhi tulisema vile, na nia yetu ilikuwa nzuri.

Tulienda kumuona sisi watano. Mama yake alitupokea, akatuletea viti, akasema: «Karibuni bana bangu, mukae.» Mmoja wetu akamwambia mgonjwa: «Yaya, tunashukuru Mungu, uko muzima.» Yeye alitazama mguu wake uliofungwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema bila hasira: «Niko hai. Muzima bado.»

Mama yake aligeuka, akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha kupangwa.

Ndugu zangu, jibu lile ni la pointi kumi juu ya kumi. Ukilipima kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, hautapata kosa. Mwenzetu alikosa mitihani. Anaogopa atarudilia mwaka, na mama yake alikuwa amekwisha kulipa minerval ya mwaka mzima kwa kuuza ndizi na mihogo. Yote hayo kwa ajili ya dakika sita. Nilihesabu: walikuwa wangechelewa dakika sita.

6. Watakaonipinga

Kabla ya kuandika nilienda kumuona Bwana Direkta wa Disiplini, kwa sababu si vizuri kusema juu ya mtu bila kumsikiliza. Nilimwambia: «Bwana Direkta, kama mlango ungekuwa wazi dakika kumi zaidi, yule mwenzetu angekuja kwa miguu.» Yeye alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: «Mutoto yangu, nikifungua dakika kumi, nyote mutazoea dakika kumi. Halafu mutakimbia moto ili mufike kabla ya dakika ya kumi na moja. Mbio itabaki ileile, saa tu njo itabadilika.»

Lazima nikubali, ni neno la kweli. Nililifikiria siku tatu. Dakika kumi peke yake hazitaponyesha kitu.

Wenzangu wengine wananiambia: «Wewe unataka kutuhubiria haraka haraka haina baraka, hiyo tuliisikia tangu maternelle.» Hapana. Mimi sisemi mbio ni mbaya. Mwendeshaji wa gari la wagonjwa akimbie. Mwenye kuona nyumba inaungua akimbie. Wachezaji wetu wa mpira nao wakimbie zaidi, kwa sababu tumechoka kufungwa. Ninasema tu mbio si kipimo cha uzima. Zebaki inakimbia kuliko sisi wote.

Na mwingine aliniambia: «Mulale mapema, muamke mapema, mutembee kwa miguu, habari imekwisha.» Huyu anakaa karibu na shule. Hajui kwamba kuko wenye wanaamka saa kumi za usiku ili kuchota maji kwanza, kwa sababu mchana bomba halitoki. Hao si wavivu. Ukiwapima kwa saa ya mlango utawaona wavivu. Ukiwapima kwa kazi waliyofanya kabla ya jua kutoka, ni watu wazima kuliko sisi.

7. Ninachoomba

Nimeandika maombi matatu. Ninayaweka hapa ili walimu na wanafunzi wayapime.

Kwanza, kwa wakubwa wetu wa shule. Saa moja na nusu ibaki saa moja na nusu. Lakini mwenye kuchelewa asirudishwe nyumbani. Aingie, aandikwe katika daftari la wenye kuchelewa, asome masomo yake, na jioni alipe kwa kazi: kufagia darasa, kuchota maji ya vyoo, kupalilia lupango ya maua. Hivi kosa litakuwa na bei yake, lakini bei hiyo mtu anaweza kuilipa kwa mikono yake na siyo kwa mguu wake. Mwenye kuogopa kufagia atajitahidi kufika mapema. Mwenye kuogopa kurudishwa njo anapanda wa nne juu ya moto. Bwana Direkta alipinga dakika kumi, na nilimwelewa. Ombi hili haligusi saa yake hata kidogo.

Pili, kwetu wanafunzi. Tuahidiane: juu ya moto moja, mwanafunzi mmoja. Kama hauna franka za kukaa peke yako, tembea, ulipe kwa fagio. Na tusimpigie mwendesha moto kelele akimbie. Yeye ni kaka ya mtu, na kiti chake ni mkate wake. Kama tutaendelea kumsukuma, tusiseme kisha kwamba wenye moto ni wabaya.

Tatu, kwetu wote, na walimu pia. Ukiuliza mtu «uko muzima?», simama. Ngojea. Neno hilo linauliza mambo mengi kwa mara moja: haujafa? haugonjwi? haujapunguka kitu? umekuwa mtu mzima wa kubeba mambo yako? Hakuna mtu wa kujibu hayo yote akiwa anapita. Na ukiulizwa, usione haya kusema «niko hai, muzima bado». Si kukosa imani. Kumbuka ile nyama ya chini ya ukucha. Panapouma njo pako hai. Mwenye kusema panapouma anasaidia wengine wajue pa kuweka dawa.

8. Mwisho

Waingereza walipoteza maana ya neno lao bila mtu yeyote kukusudia. Hakuna mfalme aliyetoa amri. Kila mtu alilisukuma kidogo tu, kila siku kidogo, na baada ya miaka mia kadhaa mtoto anasoma habari ya Kora na kufikiri walikuwa na mbio. Na sisi hakuna mwenye kukusudia ubaya. Kila asubuhi tunasukuma kidogo.

Mwenzetu ataondolewa ile gipsi mwezi huu, kama daktari atakubali. Atarudi na fimbo, na kutoka kwao mpaka hapa atatumia muda zaidi kuliko mtu yeyote wa shule hii. Siku ile atachelewa, hilo ni hakika. Ninauliza wakubwa wetu kwa heshima, na ninawauliza ninyi wenzangu: mlango utakuwa namna gani kwa ajili yake?

Wenye kutaka neno la Biblia juu ya jambo hili, waende wasome Mhubiri 9:11. Siliandiki hapa, ili mulitafute wenyewe, pole pole.

Mwenye wazo lingine alilete kabla ya toleo linalofuata, tutalisoma.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa darasa la nne, pedagojiki
(aliyepata 4 juu ya 10 katika interro ile)